Kila Mtu Amkanyage Wake

Mkunga hakujua kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu watu waliosikia habari zake baadaye hudhani alikuwa samaki. Maji yakimfika kwapani alirudi nyuma hatua moja, akakaza kitenge chake, akatukemea sisi kana kwamba ndio tuliolisogeza ziwa. Lakini kwa miaka ile ya vita, kila asubuhi ambayo milio ya risasi ilikuwa mbali, aliwaingiza wanawake wazee wa kartiye yetu, mtaa wetu wa Rumonge, ndani ya Ziwa Tanganyika, akawatembeza, akawarudisha nchi kavu wakiwa na miguu bora kuliko ile waliyokuja nayo.

Tulimwita Mkunga kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa amewazalisha wanawake wengi wa mitaa ya jirani, Waislamu na Wakristo, wa huku na wa huko, na alikumbuka kila mtoto alitokaje. Ungempita sokoni na mwanao mwenye ndevu, akakuambia mbele ya watu, "Huyu alikuja na kitovu shingoni. Bado ana haraka?" Vijana walimkimbia.

Mimi nilikuwa nauza vitenge karibu na kibaraza ambapo mume wake alishona nguo. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye pini mdomoni muda wote, na nadhani alizishika pale ili apate sababu ya kutojibu. Mkunga alisema kwa ajili yao wote wawili.

Siku waliyomchukua Fundi ilikuwa alasiri, watu wakifunga biashara. Walikuja watu wenye silaha ambao hatukuwajua, na mbele yao alikuwapo mmoja tuliyemjua sote: mtoto wa kiume wa Mama Mawese, yule mama aliyeuza mafuta ya mawese kwenye kona ya msikiti. Aliwapeleka mpaka mlangoni, akanyoosha kidole, akasema, "Ni hapa." Mkunga alipowazuia, mmoja alimpiga nyongani na kitako cha bunduki. Fundi aliondoka nao akiwa na futi ya kupimia shingoni. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana.

"Kile kidole," Mkunga aliniambia nilipomtembelea hospitali, "nilikiona kabla ya mama yake. Alitoka miguu kwanza. Nilihangaika naye tangu adhana ya alfajiri mpaka adhuhuri ili asife."

Mfupa uliunga vibaya. Mtawa mmoja aliyekuwa akiwanyoosha wagonjwa viungo alimwambia asikae kitandani akingoja upone wenyewe. Alimwambia aende ziwani, aingie mpaka kifuani, atembee. Nchi kavu nyonga inabeba mwili mzima, alisema mtawa, lakini ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi kama wa mtoto, nawe unaweza kuufundisha mguu upya bila kuuumiza. Mkunga alishukuru. Alipokuwa anatoka, mtawa akamwomba pia asamehe, kwa sababu kinyongo huzuia kupona.

"Nikamwambia, Masera, la maji nimelisikia," Mkunga alinisimulia; Masera ndivyo tulivyowaita watawa.

Alianza peke yake, na fimbo. Miezi miwili baadaye alikuwa akiiacha fimbo mchangani. Sisi tuliokuwa na magoti yanayolia na viuno vinavyokwama tulianza kumfuata, kwanza wawili, kisha watano, mwishowe tulifika kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, miaka hamsini kasoro, na goti la kushoto lililovimba kama papai. Aliniita mdogo wangu.

Alikuwa mkali wa mahali. Hakuturuhusu kuingia penye matete, kwa sababu ya konokono wanaoleta kichocho, na pia mamba hupenda kujificha pale. Alichagua sehemu ya wazi yenye mchanga mgumu na mawimbi madogo, na kila siku mmoja wetu alibaki juu ya jiwe kuangalia maji. Tulishikana mikono tukatembea kwa mstari kwenda na kurudi, kisha tukatembea kinyumenyume, jambo lililotuchekesha mpaka tukazoea. Tuliinua magoti moja moja. Tulikumbatia bidoni tupu za njano, madumu ya mafuta, kifuani tukapiga miguu. Aliyekuwa na kizunguzungu alisimama kwa mguu mmoja huku wawili wamemshika, maana, alisema Mkunga, mwanamke mzee hauawi na ugonjwa, anauawa na kuanguka uani.

Yalitusaidia. Sisemi yalitufanya wasichana. Lakini goti langu lilipungua, nikaanza kulala usiku kucha hata siku zilizokuwa na mizinga milimani. Mzee mmoja wa kike aliyekuwa haendi msikitini kwa aibu ya mkojo kumtoka akikohoa, Mkunga alimfundisha kukaza mwili wa chini ndani ya maji, na baada ya miezi akarudi kwenye swala ya Ijumaa akiwa amejipaka hina.

Mwisho wa kila asubuhi kulikuwa na kukanyaga. Tulisimama maji ya kiunoni, tukainua mguu, tukaushusha kwa nguvu mpaka chini. "Musikanyage mchanga bure," alisema siku ya kwanza. "Kila mtu amkanyage wake."

Tulitazamana. Kisha tukaelewa, na hakuna aliyeuliza maana. Kila mmoja alikuwa naye. Mmoja alikuwa na mwanajeshi aliyemchomea nyumba, mwingine jirani aliyehamia shambani kwake siku ya tatu baada ya wao kukimbia. Wangu alikuwa mume wangu, aliyepanda mtumbwi kwenda Kigoma na mwanamke mwenye umri wa binti yetu wiki ile risasi zilipoanza. Nilimkanyaga zaidi ya mwaka. Sijui kama alihisi kitu kule Kigoma, lakini mapaja yangu yalikuwa chuma.

Hatukutaja majina kwa sauti. Tulikuwa wa kila upande mle ndani, na Mkunga aliliona hilo mapema. "Jina ni lako, mguu ni wa wote," alisema. Siku mama mmoja alipoanza kuimba wimbo wa kanisani wa kuombea adui, alimwambia kwa upole atoke nje, akauimbe juu, kisha arudi.

Wanajeshi walitushuku. Kulikuwa na pozisyo yao, kambi ndogo, barabarani, na waliambiwa kwamba waasi huvuka ziwa usiku, kwa hiyo wanawake kumi na mmoja wanaonyoosha mikono kuelekea Kongo hawakuwapendeza. Asubuhi moja alikuja kijana mwenye bunduki, akasimama ukingoni.

"Nyiye bakecuru, bibi wazee! Munafanya nini mu maji? Munapatia nani alama?"

"Tunapatia magoti alama," Mkunga akajibu bila kugeuka. "Tunayaambia yapinde."

"Tokeni! Sasa hivi!"

"Mwanangu, vitenge vyetu viko pale kwenye jiwe nyuma yako. Tukitoka sasa utaona vitu ambavyo hujatayarishwa kuviona. Geuka kwanza."

Kijana aligeuka. Tulitoka, tukavaa, na Mkunga akamwuliza mgongo wake unamuuma wapi, maana alisimama amepinda upande. Tangu siku ile walituacha, na mara mbili nilimkuta Mkunga akimnyoosha yule kijana kiuno nyuma ya mifuko ya mchanga. Alikuwa hivyo. Mwili wa mtu yeyote ukiwa mbele yake aliushika vizuri. Hakuweza kuushika vibaya hata angetaka.

Ndiyo maana sikushangaa kama ilivyonipasa siku alipomwambia Mama Mawese aingie.

Mama Mawese alikuwa amevimba miguu mpaka viatu havikumwingia. Mwanawe alikuwa ametoroka tangu kundi lake lilipovunjika, na watu walisema yuko Tanzania, wengine kwamba amekufa. Mama alikuja ziwani, akakaa mbali, akatutazama. Siku tatu Mkunga hakumtazama. Sisi tulimtazama sana, nasi hatukumtazama vizuri. Siku ya nne Mkunga alisimama majini, akapaza sauti:

"Wewe. Maji ya kuangaliwa hayapunguzi uvimbe. Ingia."

Mama Mawese aliingia akilia. Mkunga alimshika mkono wa kulia, akamweka karibu yake kwenye mstari, na hapo ndipo alipobaki miezi minane. Sijawahi kumwona akimshughulikia mtu kama alivyomshughulikia yule. Alimlaza chali juu ya maji huku amemwekea kiganja kisogoni, akamwambia achezeshe vifundo vya miguu. Alimkandakanda kutoka vidole kwenda juu. Alimkataza chumvi, akamwambia ainue miguu ukutani kila mchana. Sauti yake ilikuwa laini, laini kuliko aliyotumia kwetu, na baadhi yetu tuliona wivu. Wakati wa kukanyaga Mama Mawese alisimama tu, ameinamisha kichwa, na Mkunga hakumlazimisha.

"Umemsamehe?" nilimuuliza tukirudi siku moja.

"Nani amekuambia? Ninatengeneza miguu."

Uvimbe ulishuka. Mama Mawese akaanza kutembea mpaka sokoni, kisha mpaka kwenye mashine za kukamua mawese, kisha zaidi. Mimi ndiye niliyemwambia Mkunga, kwa umbea tu, kwamba siku hizi Mama Mawese ananunua dawa za malaria na unga wa muhogo kuliko unaomtosha mtu mmoja, na kwamba kila Jumanne anashika njia ya Kigwena na kikapu. Nilisema huku nikicheka. Nilidhani amepata mwanamume.

Mkunga hakucheka. Jumanne iliyofuata alikuja mlangoni kwangu asubuhi akiwa na kandambili imara.

"Mdogo wangu, twende tujaribu goti lako. Tutembee."

Tulitembea. Kulikuwa na jua zuri, na wakulima wakienda mashambani, na mbele yetu, mbali kidogo, niliona kitenge cha Mama Mawese kikienda kwa mwendo mzuri, mwendo tuliompa sisi. Hata hapo sikuelewa. Nilikuwa nafurahia goti langu. Tulipofika kwenye michikichi kabla ya msitu wa Kigwena, Mama Mawese aliiacha barabara. Mkunga naye aliiacha. Nilimtazama usoni, na ndipo nikaelewa kazi ya miezi minane.

"Dada, turudi," nikasema.

"Wewe rudi. Mimi nina mguu wa kunifikisha."

Sikurudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini.

Mwana wa Mama Mawese alikuwa amelala chini ya kibanda cha majani ya mchikichi, amekonda, macho ya njano, na jeraha kwenye kifundo linalonuka. Mama yake alikuwa anamlisha. Alipotuona aliangusha bakuli, akajitupa mbele ya mwanawe, akanyoosha mikono yote miwili. Mkunga alisimama wima, bila fimbo, akamtazama yule mtu juu ya bega la mama yake.

"Fundi mulimuweka wapi?"

"Fundi gani?"

"Mume wangu. Fundi wa cherehani."

Yule mtu alimtazama. Kisha akasema, "Walikuwa wengi. Sikumbuki."

Mama Mawese alimshika Mkunga miguu. "Dada yangu, ulinizalisha huyu! Ulimtoa kwa mikono yako! Nakuomba kwa Mungu!"

"Nilimtoa mara ya kwanza," Mkunga akasema. "Namtoa tena."

Alijinasua, akageuka, akaenda barabarani kwenye pozisyo ya wanajeshi. Nilimkimbilia nikimsihi, nikimwambia watamuua pale pale, kwamba mgonjwa hawezi hata kusimama. Hakupunguza mwendo. Lakini walipokuja wanajeshi na kumburuta yule mtu nje ya michikichi, na mmoja akakoki bunduki, ni Mkunga aliyesimama mbele ya mtutu.

"Hapana. Mukimupiga risasi munanidhulumu. Mimi nataka azeeke. Mumupeleke gereza, mumutibu mguu, azeeke mule ndani akikumbuka."

Sijui kama ni maneno yake au ni yule kijana wa kiuno, aliyekuwa mmoja wao. Walimtupa ndani ya gari, akiwa hai. Mama Mawese alilikimbilia lile gari mbali sana. Alikimbia vizuri. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya.

Kesho yake nilikwenda ziwani nikidhani hakutakuwa na mtu. Walikuwapo wote, habari zilikuwa zimefika. Mkunga alikuwa tayari majini. Kisha Mama Mawese akaja, akavua kitenge cha juu, akakikunja, akaingia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mahali pake, akamshika Mkunga mkono. Tulitembea kwenda na kurudi, na kinyumenyume. Wakati wa kukanyaga ulipofika, kwa mara ya kwanza, Mama Mawese aliinua mguu.

"Leo na mimi niko na wangu," akasema. Alimtazama Mkunga machoni, akaushusha.

Mkunga alimtazama pia. "Nyoosha mgongo," akasema. "Usikanyage umepinda, utaumia."

Waliendelea hivyo mpaka vita vilipoisha, wameshikana mikono kila asubuhi, wakikanyagana. Hawakusalimiana nchi kavu hata mara moja. Sisi wengine tulizoea, kama tulivyozoea mambo mengi. Mimi nilizoea kidogo kuliko wengine, kwa sababu ya umbea wangu, na nilimchukia Mkunga vipindi virefu. Alinitumia, nikamwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo. Na goti linaendeleaje?"

Amani ilipokuja alihamia Magara kwa binti wa dada yake, nasi tukaendelea bila yeye, vibaya. Wafungwa wengi waliachiwa. Mwana wa Mama Mawese alirudi na mvi, akiburuta mguu mmoja, akamtunza mama yake vizuri, lazima niseme. Alikuwa naye alipofariki. Siku ya arobaini tangu mazishi alikuja dukani kwangu, akasimama nje mpaka wateja walipoondoka, akaniuliza mahali Mkunga anapokaa.

Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza anataka nini. Sikumuuliza. Nilimwambia tu, "Nitakupeleka," na ndani yangu kulikuwa na kitu kibaya kilichosema, na Mkunga naye aone ladha ya kufuatwa.

Tulipanda basi. Magara nilimwacha barabarani kwenye wauza samaki, nikateremka peke yangu. Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akichambua maharage, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Amahoro, mdogo wangu. Umenenepa. Ziwa umeliacha?"

"Mama Mawese amefariki," nikasema.

Vidole vyake vilisimama. "Miguu ilivimba tena?"

"Hapana. Alitembea mpaka wiki ya mwisho. Ilikuwa kifua."

"Basi kazi yangu ilikuwa nzuri," akasema. "Alikufa na nani?"

"Na mwanawe. Yuko hapo barabarani. Mimi ndiye niliyemleta."

Nilingoja anitukane. Aliweka ungo chini, akashika ukuta, akasimama. Ilimchukua muda. Alipomaliza kusimama aliuachia ukuta.

"Muite."

Alikuja, kofia mkononi. Alisimama hatua tano mbali naye, mzee mbele ya mzee zaidi, na sikuweza kujua nani anamwogopa mwenzake.

"Nilikuwa nakumbuka," akasema. "Hata siku ile Kigwena. Fundi alikuwa na futi shingoni. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akaniambia nikupatie. Sikukupatia. Iko naye, tulipomzika, nyuma ya mashine ya zamani ya mawese, kwenye mchikichi uliopasuka. Si chini sana."

Mkunga akamwuliza, "Kwa nini ulisema hukumbuki?"

"Niliona ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho ungeweza kukitaka kwangu. Nikakunyima."

"Na mama yako?"

Alitazama chini. "Mama alijua tangu siku tuliyomchukua Fundi. Nilimwambia. Alitaka kukuambia, kila siku alisema kesho. Halafu ukanikamatisha, akasema, sasa hataambiwa mpaka nife."

Nilimwona Mkunga akihesabu. Miezi minane, kisha miaka, asubuhi baada ya asubuhi, ule mkono ndani ya mkono wake, na maneno yale yakiwa upande wa pili wa mkono. Nilidhani ataanguka, nikasogea. Alinisukuma kwa kiwiko.

"Alinizidi," akasema polepole. "Yule mwanamke alinizidi."

Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu na amejifunga kitenge kipya, na jembe fupi la palizi mkononi. Yule mtu aliliona lile jembe, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kusema samahani, akichanganya Kiswahili na Kirundi, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Inuka," Mkunga akamwambia. "Sijakusamehe, na usiniombe tena njiani. Tangulia. Unionyeshe."

Aliinuka, akatangulia kuelekea barabarani kwenye basi la Rumonge, akiburuta mguu. Mkunga alimtazama anavyotembea, hatua tatu, nne.

"Nyoosha mgongo," akasema, akamfuata.